Somo: Kukagua Buick Skylark ya 1953 Kabla ya Kulipa

Muuzaji anaposema kwamba Buick Skylark yake ya mwaka 1953 imetunzwa vizuri, anaweza kumaanisha mojawapo ya mambo mawili yasiyofanana: kwamba gari halijafumuliwa tangu litoke kiwandani Flint, Michigan, au kwamba lilifumuliwa lote, likapakwa rangi upya, na sasa linang'aa kuliko lilivyong'aa siku ya kwanza. Mnunuzi anapaswa kujua analipia lipi kati ya hayo, kwa kuwa bei hazilingani na kasoro hazijifichi mahali pamoja.

Mwaka huo Buick ilikuwa inatimiza miaka 50, na kampuni mama yake, General Motors, ikatoa magari matatu ya kifahari yenye paa la turubai la kukunja: Cadillac Eldorado 532, Oldsmobile Fiesta 458, na Skylark 1,690. Skylark iliuzwa kwa dola 5,000 hivi, fedha nyingi mno kwa Buick ya wakati huo.

Hatua ya kwanza: karatasi na mabamba. Omba picha za hati ya umiliki, bamba la bodi na namba ya injini kabla hujakata tiketi ya ndege. Baadhi ya majimbo ya Marekani yalikuwa yakisajili magari kwa namba ya injini, hivyo gari lililobadilishwa injini miaka mingi iliyopita linaweza kuwa na hati isiyolingana na chuma kilichopo, nawe ndiye utakayehangaika na ofisi ya usajili. Angalia pia kitovu cha usukani, ambapo palikuwa na nafasi ya kuandikwa jina la mnunuzi wa kwanza. Jina hilo likilingana na la kwenye risiti za zamani, umepata ushahidi mzuri.

Hatua ya pili: umbo. Skylark ilijengwa juu ya chesisi ya Buick Roadmaster, lakini kioo chake cha mbele kilifupishwa, ukingo wa juu wa milango ukainamishwa, na madigadi yakakatwa duara pana kuzunguka magurudumu. Yale matundu ya mapambo yaliyo ubavuni mwa Buick nyingine za mwaka huo hayapo kabisa kwenye Skylark. Ukiyaona, usiendelee na hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: sumaku, na kwa nini inaweza kukudanganya. Mafundi wengi hupitisha sumaku juu ya bodi, na pale isiponasa husema pamejazwa puti, ule ujazo wa kusawazisha mabonde ya bodi. Kwa magari mengi hukumu hiyo ni ya haki, lakini kwa Skylark inahitaji subira, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi hii ilikamilishwa kwa mikono, na maungio yake yakalainishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, ambayo nayo hainaswi na sumaku. Kwa hiyo sumaku inakuonyesha tu mahali pa kuuliza swali. Jibu utalipata upande wa ndani: ingia chini kwa tochi, chungulia ndani ya buti na nyuma ya madigadi, utafute alama za nyundo, chuma kilichochomelewa juu ya kingine, au kutu iliyofunikwa kwa lami. Ikiwa upande wa nje ni laini kama kioo na upande wa ndani una mabonde, hapo pana puti. Rangi ya asili ilikuwa laka, ambayo baada ya miaka 70 huwa imefifia na kupata nyufa nyembamba. Binafsi naona nyufa hizo ni heri kuliko mng'ao usio na maelezo.

Hatua ya nne: mitambo ya mafuta. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Vioo, kiti cha mbele na paa husukumwa na mafuta kutoka kwenye pampu moja ya umeme, na mafuta yenyewe ni ya breki, yanayokula rangi na kuvuta unyevu unaotia kutu ndani ya silinda zinazosukuma sehemu hizo. Fungua kila mlango, inua zulia, upapase sehemu ya chini. Rangi iliyotoka malengelenge hapo maana yake silinda ya kioo inavuja. Niliwahi kukagua gari ambalo mwenyewe alinisihi nisiteremshe kioo cha kulia “kwa sababu ya vumbi”. Nilipokiteremsha hakikupanda tena, na tukashinda saa nzima tukisubiri fundi huku mvua ikitishia. Funga na kufungua paa mara tatu mfululizo, kwa kuwa pampu iliyochoka hufanya kazi vizuri mara ya kwanza.

Hatua ya tano: jeki na barabara. Gari lisilo na paa la chuma hutegemea chesisi na sakafu peke yake. Pima nafasi kati ya mlango na bodi gari likiwa chini, kisha linyanyue kwa jeki upande mmoja na upime tena. Nafasi ikibadilika waziwazi, chini kumeoza. Barabarani, giaboksi ya otomatiki iitwayo Dynaflow huongeza mwendo bila mshtuko wowote, hivyo mshtuko ni dalili mbaya.

Maswali kuhusu somo hili

*Mwalimu, nilizungusha ufunguo na stata haikufanya kazi, ingawa taa zote ziliwaka. Je, ni betri?*
Huenda hakuna kilichoharibika. Buick ya wakati huo huwashwa kwa kuzungusha ufunguo kisha kukanyaga pedali ya mafuta. Lakini hakikisha betri ni ya volti 12, kwani Buick za V8 za 1953 zilihamia huko wakati Buick Special, yenye injini ya zamani ya silinda nane za mstari mmoja, ilibaki na volti 6, na si ajabu mtu kuchanganya.

*Gari nililoliona lina ringi za kawaida. Je, ni la bandia?*
La hasha, hiyo pekee haitoshi. Lilitoka na ringi za Kelsey-Hayes zenye spoki 40 za kromu, ambazo ni kazi kuzisafisha na hushika kutu kwenye spoki, hivyo wamiliki wengine waliziondoa. Uliza kama zimehifadhiwa, na kama hazipo, punguza bei kwa gharama ya seti kamili. Kumbuka zinahitaji tyubu.

*Kaka, naweza kuondoa mafuta ya breki kwenye vioo nikaweka ya giaboksi, ambayo hayali rangi?*
Usifanye hivyo kabla ya kubadilisha sili, yaani mipira inayozuia mafuta kuvuja. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki huvimba na kulainika ukikutana na mafuta ya giaboksi, ambayo hutokana na mafuta ghafi. Safisha mirija yote, weka silinda zenye sili zinazofaa, ndipo ubadilishe.

*Na ile ya 1954, ambayo ni adimu zaidi?*
Ni kweli zilitengenezwa 836 tu, lakini ilijengwa juu ya chesisi fupi ya Buick Century na umbo lake la nyuma ni tofauti. Hatua ya kwanza na ya tano zinaifaa. Hatua ya pili ianze upya, na ukiniletea picha za bamba nitaitazama.