Kisunzi cha dawa ya presha, kwa sisi tusioona

Mwenye macho akishikwa na kisunzi huona ukuta unazunguka, akajua kinamjia. Mimi huambiwa na nyayo, nazo mara nyingi huchelewa. Mwaka wa kwanza wa dawa nilianguka ngazini alfajiri, nyumbani hapa mtaa wa Langoni, Lamu, nikienda chooni mara ya tatu. Kumbe dawa ya kutoa maji nilikuwa naimeza usiku. Hakuna aliyeniuliza saa, nami sikusema. Daktari alipojua akaihamishia asubuhi.

Siku hizi nikiamka naketi kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo sakafuni. Nachezesha vifundo vya miguu, nasoma salawati kumi polepole, ndipo nainuka, mgongo wa mkono ukigusa ukuta. Nikiitwa sigeuki ghafla.

Kisunzi kikinishika kichochoroni, naketi baraza iliyo karibu. Ukisimama ukasubiri kipite, kikipita hujui tena umeelekea wapi, pwani au juu. Ukiketi, mgongo unaegemea nyumba na mwelekeo haupotei. Bakora ivute miguuni, maana punda aliyebeba mawe hapishi mtu.

Amlodipine, dawa yangu nyingine ya presha, nayo hufurisha miguu. Siwezi kuitazama, kwa hiyo jioni nabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, nahesabu hadi kumi, kisha napapasa. Shimo likibaki, miguu imefura. Ndara zikibana, vilevile. Miguu yote miwili ikifura, namwambia daktari. Mmoja tu ukifura, ukauma na kuwa moto, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo. Midomo au uso ukivimba, pumzi ikikaza, au ukizimia, nenda papo hapo.

Pakiti zangu mbili zinafanana mkononi, kwa hiyo ya kutoa maji naifunga mpira wa noti. Vidonge sivimimini kwenye kopo. Duka la dawa likikupa vya kampuni nyingine, umbo hubadilika. Uliza kabla hujaondoka pale, uvipapase hapohapo.

Dawa sikatizi kwa hiari yangu, hata siku nilizochoka nayo. Narekodi sauti kwenye simu: "Nimemeza baada ya swala ya alfajiri, kisunzi kimenijia kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimeinama." Nikifika kliniki naifungua rekodi badala ya kukumbuka. Rekodi moja punda analia katikati. Daktari alicheka, lakini saa alizipata zote.