Dawa ya josho si ya paka: namna salama ya kumwondolea viroboto

Paka anayelinda stoo ya mahindi akianza kujikuna, wengi hutazama kilichopo nyumbani: dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki, au matone waliyomnunulia mbwa. Hapo ndipo paka wengi wanapoponzwa. Ini la paka haliwezi kuvunja permethrini, sumu ya wadudu iliyomo kwenye matone mengi ya mbwa, kama la mbwa linavyofanya, na jamaa zake saipermethrini na deltamethrini, pamoja na amitrazi, zinazotumika kwenye dawa za josho, hazimfai pia. Kumpunguzia kipimo hakusaidii. Tena paka hujilamba kutwa, kwa hiyo kilichopakwa manyoyani kinaishia tumboni.

Kwanza hakikisha ni viroboto. Mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vijidoa vyeusi vikitoa rangi nyekundu, ndio wenyewe, maana ni kinyesi chenye damu.

Duka la dawa za mifugo mwambie muuzaji wazi kwamba ni ya paka, kisha soma lebo mwenyewe. Pipeti (kichupa kidogo cha matone) ya fipronili, dawa ya viroboto, ile ya paka, kwa kawaida huwa na nusu mililita tu. Usishawishike kununua ya mbwa mkubwa ili ugawe paka watano. Ni akiba ya kijinga. Angalia uzito na umri unaoruhusiwa. Mtoto wa paka wa chini ya wiki 8, mchane tu kwa chanuo jembamba na kuwatosa viroboto kwenye maji ya sabuni.

Siku ya kumpaka, awe mkavu na hajaogeshwa siku mbili zilizopita. Mtu mmoja amshike, mwingine apanue manyoya ya kisogoni, chini kidogo ya fuvu, mpaka ngozi yenyewe ionekane. Gusisha ncha ya pipeti kwenye ngozi, minya yote, na uiondoe ukiwa bado umeiminya, la sivyo dawa inarudi ndani. Ikibaki juu ya manyoya umemwaga pesa. Nawa mikono, watoto wasimshike mpaka akauke, na kama una paka wengi watenganishe wasilambane.

Paka aliyepakwa dawa isiyo yake akianza kutetemeka, kuyumba au kudegedega, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Maziwa usimnyweshe, hata majirani wakisisitiza, anayedegedega hupaliwa.

Kutokwa udenda kidogo kwa sababu ameonja dawa ya paka ni jambo la kupita.

Viroboto wengi bado ni mayai na mabuu kwenye magunia na nyufa za sakafu. Fagia, fua anapolala kwa maji ya moto, na rudia dawa kila mwezi kama lebo inavyosema. Omba na dawa ya minyoo tegu, kwani paka huipata kwa kumeza kiroboto.