Kushona gauni la khanga bila kuukata ujumbe wake

Kabla ya mkasi kuna dukani. Khanga inayofaa gauni ni ya pamba tupu. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ila ukiona uzi unayeyuka na kuganda kidonge kigumu, ujue kuna poliesta, na gauni hilo litakufukuta kwenye joto la Dar au Mombasa. Kisha sugua kitambaa kwa vidole. Kikitoa unga mwingi, uzito unaousikia ni wa wanga, na ukiisha kuufua utabaki na kitambaa chepesi kinachoonyesha mwili. Hicho kitahitaji bitana.

Doti huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana kwenye upande mfupi. Kila kipande kina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110. Vitenganishe kwa mkasi, ukifuata mstari wa chapa. Usikichane kwa mkono kama vile shuka jeupe: mara nyingi chapa haikukaa sawasawa na nyuzi, nawe utajikuta umekula pindo, ule mpaka wa chapa unaozunguka khanga, la upande mmoja. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani, hazifumuki. Zinazohitaji kupindwa ni zile fupi mbili tu.

Fua kabla ya kukata. Hatua hii ndiyo mafundi wenye haraka huiruka, na ndiyo inayoharibu magauni mengi. Loweka kwa maji baridi peke yake, hasa nyekundu na nyeusi, suuza mpaka maji yatoke safi, anika kivulini upande wa nyuma ukiwa juu, kisha piga pasi. Khanga hurudi, yaani hupungua, zaidi kwa urefu. Kipande cha 150 kinaweza kubaki 145.

Sasa ukataji. Pima nyonga, ongeza sentimita 20 za kupwaya, gawa kwa mbili, kisha ongeza 3 za mishono. Mwenye nyonga za 110 anahitaji paneli mbili za 68. Kwa hesabu hiyo khanga moja ingetosha mbele na nyuma, lakini jina, yaani ule ujumbe wa khanga, limeandikwa katikati ya upande wa chini, na ukikata hapo kati umeligawa: nusu mbele, nusu nyuma, halisomeki popote. Afadhali utumie vipande vyote viwili. Kunja kila kimoja katikati, upande mfupi juu ya upande mfupi, upime 34 kuanzia kwenye mkunjo. Jina litabaki zima na mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, utakaa sawa kifuani na tumboni. Mabaki ya pembeni, kama sentimita 38 kila upande, yanatoa mikono na mifuko.

Urefu upunguze juu, mabegani. Usiguse chini: pindo na jina viko huko, na ule ukingo wa kiwandani unatosha kuwa mwisho wa gauni. Anayetaka gauni la kufika miguuni itabidi asimamishe khanga kwa urefu, na hapo jina litapanda ubavuni kwa wima. Mwambie mteja mapema.

Cherehani itiwe sindano namba 11. Nene kuliko hiyo huacha matundu. Hatua ya mshono iwe milimita 2.5. Acha sentimita 1.5 ya mshono pembeni na ufunge ncha kwa ovaloki au zigizaga, maana pamba nyepesi hufumuka haraka. Shingo ifungwe kwa utepe wa sentimita 3 uliokatwa mshazari kutoka kwenye mabaki. Uliokatwa kufuata nyuzi hautakubali kupinda na shingo itakunjamana. Kabla ya kuushona, piga mshono mmoja kuzunguka shingo, nusu sentimita kutoka ukingoni, ili isitanuke ukiishika.

Gauni likichakaa, usilitupe. Khanga iliyofuliwa mara nyingi hulainika na kunyonya maji vizuri, nayo hufaa sana kwa nepi za mtoto mchanga. Kwa mbeleko, iangalie kwanza kwenye mwanga: palipopauka na kupitisha nuru kuliko kwingine ndipo patakapochanika kwa uzito wa mtoto.