Jinsi ya kuifanya leza ya nukta za kwanta ijifunge modi yenyewe

Leza ya nukta za kwanta hupata mwanga wake kwenye chembe ndogo mno za semikonda, na mwanga huo huwa na masafa mengi kwa pamoja, yaitwayo modi. Kuzifunga modi ni kuzifanya zitembee kwa hatua moja, ili mwanga utoke kama mapigo mafupi. Hapa hatutumii jenereta ya nje kuipa leza mdundo. Kazi yote inafanywa na kipande kifupi cha chipu kinachofyonza mwanga. Mwanga hafifu kinaumeza. Ukiwa mkali kinashiba na kuuachia njia. Modi zikipatana, nguvu zake hukusanyika kwenye mpigo mmoja unaopita, na modi zisizopatana huishia humo.

Mfano wangu ni chipu yenye nukta za InAs (indiamu na aseniki) juu ya GaAs (galiamu na aseniki), yenye mwanga wa takriban nanomita 1300. Macho hayauoni, kwa hiyo vaa miwani ya leza kabla ya yote.

Hatua ya 1. Kokotoa masafa ya mapigo utakayoyatafuta: zidisha mara mbili ya urefu wa chipu na kipeo cha mpindo cha kundi (mara ngapi mpigo hutembea polepole ndani ya chipu kuliko kwenye ombwe), karibu 3.6, kisha gawanya kasi ya mwanga kwa jibu hilo. Chipu ya milimita 2 itakupa takriban gigahezi 20, ya milimita 4 takriban 10.

Hatua ya 2. Vaa mkanda wa kuondoa umemetuli, kisha pima ukinzani kati ya pedi ya kukuza mwanga na pedi ya kufyonza. Unataka kilo-ohm kadhaa. Ukiwa mdogo, umeme utavuja kati ya sehemu hizo mbili na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo. Tuliza halijoto kwenye nyuzi 20 za Selsiasi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Usiiache pedi ya kufyonza ikining'inia bila waya: mwanga utaichaji, na itachelewa kupumua baada ya kila mpigo. Ipe volti ya kinyume kwanza, anza na 2, na uweke kikomo cha mkondo. Volti ikiongezeka, elektroni huondolewa haraka zaidi na mpigo hufupika.

Hatua ya 4. Sasa pandisha mkondo wa sehemu ya kukuza, taratibu. Ukifika kizingiti, yaani mkondo ambao leza huanza kuwaka, nguvu ya mwanga inaweza kuruka ghafla. Ukishuka, leza itazimika kwenye mkondo mdogo kuliko ule iliowakia. Andika mikondo yote miwili.

Hatua ya 5. Peleka mwanga kwenye fotodayodi ya kasi (inayogeuza mwanga kuwa umeme) kupitia aisoleta, kifaa kinachopitisha mwanga upande mmoja tu, maana hata mwako mdogo unaorudi kutoka ncha ya faiba huivuruga leza. Kwenye kichanganuzi cha spektra ya umeme, kinachoonyesha masafa yaliyomo kwenye ishara ya fotodayodi, mstari wa gigahezi 20 peke yake hautoshi. Angalia pembeni yake na kwenye masafa ya chini: ukiona vilima, mapigo yanapanda na kushuka. Punguza volti kidogo au ongeza mkondo.

Hatua ya 6. Thibitisha kwa otokorileta, kifaa kinachopima upana wa mpigo kwa kuulinganisha na nakala yake. Kama mpigo una umbo la sech² (mkunjo wa kihisabati unaofanana na kengele), gawanya upana uliopima kwa 1.54. Kilele kikikaa juu ya tuta pana, bado hujafunga vizuri, hata kama namba inapendeza. Angalia pia spektra ya mwanga: ukiona kilele kipya karibu na nanomita 1200, mkondo umezidi na nukta zimeanza kutoa mwanga kutoka ngazi ya juu ya nishati.

Rudia kwa kila nusu volti, hadi kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi ya chipu yako. Ukizima, shusha mkondo kwanza, volti baadaye.