Kufleshi Samsung Galaxy J2 Prime kwa Odin, na pale inapokwama

Galaxy J2 Prime (SM-G532F) ilitoka mwishoni mwa 2016 ikiwa na RAM ya GB 1.5, hifadhi ya GB 8 na Android 6.0.1. Kuifleshi, yaani kuuandika upya mfumo wake kutoka kwenye kompyuta kwa programu iitwayo Odin, kunatibu ugonjwa mmoja tu: mfumo ulioharibika. Dalili zake ni simu kuganda kwenye nembo ya Samsung, kujizima na kujiwasha bila kufika mbele, au kuleta kila dakika ujumbe kwamba programu fulani imesimama. Kama shida ni uzito na hifadhi iliyojaa, hata baada ya kufleshi hifadhi itabaki GB 8 zilezile, na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa yake.

Kwa hiyo jaribu kwanza njia fupi, ila soma kwanza aya inayofuata ili usipoteze data zako. Zima simu, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuongeza sauti, cha Home na cha kuwashia mpaka itokee menyu yenye maandishi. Shuka kwa kitufe cha sauti hadi Wipe data/factory reset, thibitisha kwa kitufe cha kuwashia, halafu uiwashe upya. Hii inafuta kila kitu kama kufleshi kunavyofanya, ila haihitaji kompyuta. Ikishindikana, endelea.

Kabla ya njia yoyote kati ya hizi, kama simu bado inawaka, hamisha picha kwenye memori kadi au kompyuta. Nakili pia folda nzima ya WhatsApp iliyo kwenye hifadhi ya ndani. Kisha nenda Mipangilio, sehemu ya Akaunti, uondoe akaunti ya Google. Hapa ndipo wengi wanapoumia: ukifuta simu kwa menyu ile ukiwa hujaondoa akaunti, ikiwaka itadai barua pepe na nywila ya akaunti iliyokuwemo, na kufleshi hakuondoi kufuli hilo. Mwenye simu aliyesahau nywila airejeshe kwanza kupitia Google. Piga *#06# uandike IMEI pembeni. Kwenye simu hii iko pia kwenye karatasi iliyo chini ya betri. Toa laini na memori kadi.

Sasa faili la mfumo. Piga *#1234# na usome mstari wa AP, yaani toleo la mfumo. Tuseme unaanza na G532F na kuishia na U1ARC2. Angalia herufi tano za mwisho, yaani 1ARC2. Tarakimu ya kwanza, hiyo 1, ni namba ya butiloda, programu ndogo inayoiamsha simu. A ni kizazi cha mfumo, R ni mwaka 2018 (Q ni 2017, P ni 2016), C ni mwezi wa tatu, na 2 ni toleo la mwezi huo. Unaweza kuweka faili lenye namba ya butiloda sawa na ya simu au kubwa zaidi, kamwe si ndogo, kwani simu itakataa. Mwaka na mwezi havina uzito huo. Faili liwe la SM-G532F hasa. La G532G au G532M si lako hata kama simu zinafanana kwa sura. Kama simu haiwaki kabisa, soma modeli chini ya betri na uchague faili jipya kuliko yote ya modeli hiyo.

Faili hilo ni zito, linaweza kuzidi GB 1, kwa hiyo panga bando lako na uache angalau GB 5 wazi kwenye kompyuta. Ukilifungua utakuta BL (butiloda), AP (mfumo wenyewe), CP (sehemu ya mtandao wa simu), CSC na HOME_CSC (mipangilio ya nchi na mtandao), yote yakiishia na .tar.md5. Likitoka faili moja tu, hilo litakwenda kwenye AP peke yake.

Kompyuta iwe na Windows, draiva za USB za Samsung na Odin 3.13.1. Odin haitolewi rasmi na Samsung kwa wateja, hivyo pitisha antivirusi juu ya chochote unachopakua. Laptopu ni bora kuliko kompyuta ya mezani, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, simu inaweza kubaki nusu nusu. Betri ya simu iwe na chaji zaidi ya nusu. Funga Smart Switch na Kies, programu za Samsung za kuunganisha simu na kompyuta, maana huing'ang'ania simu Odin isiipate.

Fungua Odin kama msimamizi. Bonyeza BL na uchague faili la BL, fanya hivyo kwa AP na CP. AP ikipakiwa, dirisha litaganda dakika kadhaa kama limekufa. Linakagua uzima wa faili, liache. Kwenye CSC una uamuzi: CSC hufuta data zote, HOME_CSC hujaribu kuziacha. Kwa simu inayoganda chagua CSC, kwani ukibakiza data za zamani mara nyingi umebakiza na ugonjwa. Kwenye Options acha tiki za Auto Reboot na F. Reset Time tu. Re-Partition na Nand Erase usiziguse.

Zima simu. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha Home na cha kuwashia. Likitokea onyo, bonyeza kuongeza sauti. Unganisha waya, kisanduku cha ID:COM kitageuka rangi ya buluu na sehemu ya maandishi ya Odin itaandika Added. Bonyeza Start na usiguse waya. Ikimalizika utaona PASS kwa kijani, na simu itajiwasha. Mara ya kwanza inachukua muda mrefu, hata robo saa. Kabla ya kuingiza akaunti ya Google hakikisha tarehe ni sahihi, la sivyo itakataa kuunganishwa.

Ikiandika FAIL, soma mstari wa juu yake pamoja na kioo cha simu. Kukwama kwenye SetupConnection karibu kila mara ni waya au tundu la USB: badilisha waya, tumia tundu la USB 2.0, toa betri, anza upya. Ujumbe wa MD5 isiyo halali ni faili lililopakuliwa vibaya. Kuanguka kwenye hidden.img ni faili la nchi au mtandao tofauti na simu. Maandishi ya SW REV CHECK FAIL kwenye kioo yanataja namba mbili, ya simu na ya faili, na ya faili ndiyo ndogo. Tafuta jipya zaidi. Ujumbe wenye neno Auth ni faili lisilo la Samsung au la modeli nyingine.

PASS ikitoka na simu ikaendelea kuzunguka kwenye nembo, ingia menyu ya kwanza na ufute data tena. Lakini ikiwaka na picha zako za zamani bado zimo ilhali ulitumia CSC, hakuna kilichoandikwa kweli: chipu ya hifadhi, ile mafundi wanayoiita eMMC, imechoka na kujifunga isiandikike. Kurudia Odin ni kupoteza muda. Nakili picha hizo wakati simu ingali inawaka, kisha mwulize fundi bei ya kubadilisha chipu, ambayo kwa simu ya umri huu mara nyingi hailipi.