Kumhamisha mgonjwa kutoka sindano ya mshipa kwenda vidonge

Mimi ni mfamasia wa wodi. Asubuhi kwenye raundi, kabla sijafungua faili natazama kikombe kilicho pembeni ya kitanda. Mgonjwa amemeza kidonge chake cha presha, chai kaimaliza, na huku antibiotiki ya metronidazoli inadondoka kwenye dripu. Ya nini? Ya kidonge hufyonzwa karibu yote tumboni. Dripu inamwachia kanula tu, yaani kimrija kilichochomekwa mshipani, nayo kanula huvimbisha mshipa na kuwafungulia wadudu njia ya damuni.

Kila antibiotiki ya mshipa ipitiwe ndani ya saa 48 tangu ianzwe, kisha kila siku. Joto limekaa chini ya nyuzi 38 kwa saa 24? Mapigo ya moyo, pumzi na presha vinatulia? Anakunywa, hatapiki, utumbo unafanya kazi? Basi mhamishe. Usingoje chembe nyeupe za damu zirudi kawaida. Zikiwa zinashuka yatosha. Hata anayelishwa kwa mpira wa puani anaweza kupewa dawa ya maji, mradi tumbo linapokea.

Wapo nisiowagusa mpaka bingwa aseme: wenye homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya vali za moyo, bakteria wa stafilokokasi damuni, au nyama inayooza kwa kasi. Maambukizi ya mifupa nayo tuliyahesabu humo zamani, lakini utafiti wa OVIVA wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa vidonge vikichaguliwa vizuri havipitwi na sindano.

Kazi kubwa ni kuchagua kidonge. Levofloksasini na linezolidi huhama kwa dozi ileile. Siprofloksasini ya mshipa miligramu 400 huwa 500 ya kidonge. Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, haina kidonge chake, kwa hiyo soma kwanza majibu ya maabara, uchague kulingana na mdudu na mahali alipojificha. Vankomaisini ya kumeza hubaki utumboni. Inatibu kuhara kunakoletwa na bakteria Clostridioides difficile, lakini nimonia haiigusi kabisa, hata kama chati imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Angalia pia dawa zinazogawiwa pamoja saa mbili asubuhi. Siprofloksasini ikimezwa na vidonge vya chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia, madini huishika na nusu ya kazi yako inapotea chooni. Itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6.

Dozi ya kwanza ya kidonge itolewe saa ambayo sindano ingefuata. Siku za sindano zihesabiwe humohumo kwenye jumla ya matibabu, usianze upya, na tarehe ya kuacha iandikwe kwenye chati siku hiyohiyo. Halafu kanula itoke, kama hakuna dawa nyingine inayopita hapo. Nikiambiwa "tuiache tu, huenda ikahitajika," nauliza: kwa dawa gani, saa ngapi?