Kazi za likizo kwenye huduma za afya: somo kwa wanafunzi wa sekondari

Kila likizo ndefu inapokaribia napokea wanafunzi wodini, na karibu wote huuliza swali moja: "Nitaruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji?" Nawaelewa. Lakini nimekaa kwenye uuguzi miaka ya kutosha kujua kwamba anayefaidi likizo ni yule aliyepewa kazi ndogo inayomkutanisha na wagonjwa uso kwa uso kutwa nzima. Kusimama nyuma ya daktari ukitazama hakukufundishi hata nusu ya hayo.

Hatua ya 1: Hesabu miaka, kisha hesabu miezi

Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa kwa kawaida, na 18 kwa kazi za hatari. Kwa hiyo ukizuiwa kusogelea eksirei au dawa za saratani, usione umedharauliwa.

Miezi ndiyo inayowaangusha wengi. Sehemu nyingi zitataka kuona kadi yako ya chanjo ya homa ya ini B. Kama hukuchanjwa utotoni, ratiba ya kawaida ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukianza kushughulika wiki mbili kabla ya likizo, umeshachelewa. Ukitakiwa kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, chagua siku ambayo utaweza kurudi, kwa sababu husomwa baada ya saa 48 hadi 72.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Kuna mapokezi, duka la dawa, kupeleka sampuli maabara, kugawa chakula wodini, kusukuma wagonjwa. Zote ni kazi halali. Ila ukiniuliza mimi, nitakwambia nyumba ya wazee kwanza. Mgonjwa wa hospitali leo yupo, kesho karuhusiwa. Mzee utamkuta wiki baada ya wiki, mpaka utamjua. Yule ambaye kila asubuhi huvaa viatu vyake mwenyewe, leo umemkuta anakigeuzageuza kiatu mkononi, hajui aanzie wapi. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi ni dalili ya maambukizi mwilini. Ukikimbia kumwambia muuguzi, umefanya uuguzi wenyewe, hata kama sare yako haina cheo.

Hatua ya 3: Barua

Ukurasa mmoja unatosha. Taja tarehe na saa unazoweza, ridhaa ya mzazi, na jambo moja la kweli ulilowahi kufanya kumhudumia mtu, hata kama ni bibi yako. Ipeleke kwa mkono kama inawezekana.

Hatua ya 4: Jifunze mikono yako

Soma huduma ya kwanza. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu huendesha mafunzo. Kisha jizoeze kunawa: maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Jipime kwa saa, utashangaa ulivyokuwa ukikatisha. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi wodini, na vifo vya akina mama vikashuka sana.

Hatua ya 5: Kiti cha magurudumu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi utakayopewa. Funga breki zote mbili. Kunja vikanyagio vya miguu kabla mgonjwa hajakaa. Akivikanyaga, kiti kinapinduka mbele. Akishakaa, virudishe, na uone mikono yake iko mapajani, haijaning'inia kwenye magurudumu. Mwambie "tunaondoka" kabla ya kusukuma. Kwenye mteremko geuka, utangulie wewe kinyumenyume, ili asichomoke mbele. Lifti nayo iingie kinyumenyume, magurudumu madogo yasije yakanasa kwenye ufa wa mlango.

Hatua ya 6: Usimpe mgonjwa chochote bila kuuliza

Nilipokuwa mwanafunzi, mama mmoja aliniomba kikombe cha maziwa, nikampa kwa moyo mweupe. Kumbe alikuwa anasubiri upasuaji. Ukaahirishwa hadi kesho yake, naye alikuwa amekaa na njaa tangu usiku. Chini ya dawa ya usingizi, kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Bado naukumbuka uso wake. Jibu lako liwe: "Ngoja nimuulize muuguzi, narudi." Na urudi kweli.

Hatua ya 7: Siri

Simu ibaki kabatini. Usipige picha wodini, hata ya viatu vyako. Ukimkuta jirani amelazwa, ukifika nyumbani hujamwona.

Maswali ya wanafunzi

*Shikamoo dada. Nina miaka 14 na kila mahali naambiwa bado.*

Marahaba. Tumia likizo hii kwa huduma ya kwanza na kumalizia chanjo. Uliza pia kama nyumba ya wazee iliyo karibu inapokea wageni wa kuwasomea wazee magazeti. Hilo mara nyingi si ajira.

*Nikiona damu nazirai. Niache tu?*

Usiache. Presha hushuka ghafla, na wapo wauguzi wazuri walioanza hivyo. Kula kabla ya zamu. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini hapo hapo, kaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde kumi na kitu, legeza, rudia. Mwambie msimamizi wako siku ya kwanza.

*Nimepata duka la dawa lenye malipo, na hospitali ya kujitolea. Nyumbani hela inahitajika.*

Chukua yenye malipo, mdogo wangu, bila kuona aibu. Hospitali waombe zamu moja kwa wiki.

*Dada, babu niliyekuwa nikimsukuma kwenda mazoezi amefariki usiku. Nimekuta kitanda kitupu. Nifanye nini?*

Pole sana. Mtafute msimamizi wako leo, kabla zamu haijaisha, umwambie kama ulivyoniambia. Ukitaka kulia, lia. Mimi mara ya kwanza nilipewa shuka safi nikakitandike kile kitanda, nikashindwa. Muuguzi mmoja mzee akaja, hakusema neno, akashika upande wa pili wa shuka, tukatandika pamoja.